Kuku, kanga, bata, bata mzinga au njiwa: yupi anavumilia chakula kipya na vyombo vipya?

Ukienda kuomba ushauri wa kuanza kufuga, maswali utakayoulizwa yanajulikana: unataka mayai au nyama, una eneo kiasi gani, mtaji wako shilingi ngapi. Ni nadra mtu kukuuliza utafanya nini siku chakula ulichozoea kununua kitakapokosekana. Na kitakosekana tu. Mahindi yakipanda bei, pumba inapanda nayo. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikikolea sokoni wanaadimika. Mwenye duka anabadilisha kampuni ya chakula bila kukuaga. Jirani anakushawishi ujaribu funza wa inzi weusi, mwingine anakupa azola, mmea mdogo unaoelea majini, kwenye ndoo. Unamwaga kitu kipya chomboni, ndege wanakitazama, kisha wanakutazama wewe.

Hapa nawalinganisha ndege wa uani kwa kipimo hicho kimoja: wanapokeaje wasichokizoea, kiwe chakula, chombo au banda. Mfugaji mwenye kuku elfu tano na mkataba na kiwanda cha chakula jambo hili halimhusu sana. Linamhusu anayelisha kwa kinachopatikana wiki hiyo.

Kuogopa na kukataa

Wafugaji wengi husema "kuku wangu hawapendi chakula kipya" na kuishia hapo. Nicola Marples na David Kelly wa Trinity College, Dublin, waliochunguza jambo hili kwa ndege wa mwituni na wa kufugwa, walionyesha kuwa ndani yake mna mambo mawili. La kwanza ni hofu. Ndege anaona kitu asichokijua, anasimama mbali, ananyoosha shingo, anakizunguka, anarudi nyuma. Mara nyingi hofu hii huisha kwa dakika au saa chache. La pili ni ukaidi wa mlo. Ndege keshakizoea kile kitu, anakikanyaga, anakula pembeni yake, pengine hata amekidonoa mara moja, lakini bado hakiingizi kwenye mlo wake. Huu waweza kuchukua siku nyingi, hata wiki. Tena ndani ya kundi moja utakuta wanaokula mara moja na wanaogoma, na wote wamekua pamoja.

Nimekuja kuamini kuwa mfugaji asiyetenganisha mambo haya mawili atachagua ndege asiyemfaa, au atampa aliye naye tiba isiyo yake. Dawa ya hofu ni muda na utulivu: weka kitu, ondoka, kiache hapohapo. Ukikitoa kila jioni na kukirudisha asubuhi, kila asubuhi kinakuwa kigeni upya. Dawa ya ukaidi ni kuchanganya kipya na cha zamani kidogo kidogo. Ukimwachia ndege mkaidi chakula kipya kitupu ukisubiri akizoee, anakonda wewe unasubiri.

Hofu kuisha yenyewe kuna ubaya wake pia, na watu wa Pwani wanaujua. Kunguru weusi walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 wanaiba vifaranga mchana kweupe, na watu hutundika CD kuukuu na mifuko inayopepea juu ya banda. Kunguru wanakaa mbali siku chache. Wakishaona kile kitu hakiwafanyi lolote, wanakifanya kituo cha kupumzikia.

Jambo moja zaidi kabla ya kuanza na kuku. Ndege hula kwa macho kuliko kwa ulimi. Kuku ana vipokezi vya ladha mia chache tu mdomoni, mtu ana maelfu. Lakini macho ya kuku yana aina nne za chembe za kuonea rangi pale ambapo sisi tuna tatu, na anaona hata mwanga wa urujuanimno ambao kwetu haupo. Kwa hiyo chakula kilekile, kwa mchanganyo uleule, kikisagwa laini zaidi au kikibadilika rangi kwa sababu alizeti ya mwaka huu ina maganda mengi, kwake ni chakula kipya. Kinyume chake, unaweza kukichanganya na pilipili asijali kabisa, maana ukali wa pilipili ndege hawausikii. Ndiyo maana wanaitapanya mbegu yake vichakani. Basi ukibadilisha mlo, hangaika kwanza na umbo na rangi.

Kuku: wa kienyeji na wa kisasa

Kuku yuko katikati kwa hofu na kwa ukaidi, ndiyo maana naanza naye. Kifaranga huanguliwa akiwa na kiini cha yai tumboni kinachomtosha siku mbili tatu. Kwa sababu hiyo vifaranga wa siku moja husafirishwa mikoani kwenye maboksi bila kulishwa njiani. Siku hizo anadonoa kila kitu: mchanga, maranda, kucha za mwenzake. Kufikia siku ya tatu hivi ndipo anaanza kutofautisha kinachomshibisha na kisichomshibisha. Baada ya hapo hofu ya vitu vipya inaongezeka. Alichokiona mapema kinabaki cha kawaida kwake.

Kifaranga wa kienyeji ana mwalimu. Mtetea akipata chakula hutoa sauti fupifupi za haraka, anadonoa na kuangusha, anadonoa na kuangusha, mpaka watoto wakusanyike. Christine Nicol na Stuart Pope wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walichapisha mwaka 1996 jaribio ambalo nalipenda sana. Waliwafundisha kuku kuwa chakula cha rangi fulani kinafaa na cha rangi nyingine hakifai, kisha wakawaonyesha vifaranga wao wakila kile kibaya. Mama walizidisha kudonoa na kuonyesha chakula walichokijua kuwa ni kizuri, kana kwamba wanawasahihisha. Kifaranga wa bruda, yaani anayelelewa kwa joto la taa bila mama, hana mtu wa kumsahihisha. Ana taa, chombo kimoja na unga wa aina moja.

Hapo ndipo tofauti ya kienyeji na kisasa inapoanzia, na watu huichukulia kuwa ni akili. Kuku wa mayai wa kisasa si mjinga. Amekua kwenye banda ambalo kwa miezi minne hakijaingia kitu kipya zaidi ya wewe na ndoo yako. Kuku wa kienyeji kama kishingo au kuchi anayezurura anakutana na kipya kila siku: maganda ya papai, kumbikumbi baada ya mvua, wali uliomwagika, kiatu kilichoanikwa. Mletee funza leo, kesho anakusubiri mlangoni. Wa kisasa mletee funza haohao, atawatazama wakitembea chomboni kama amefikiwa na wageni wasiotoa taarifa.

Gharama ya ukaidi pia si sawa. Wa kienyeji akigoma siku mbili, anajitafutia. Wa mayai akipunguza kula, trei zinapungua, na akikosa maji siku nzima kwa sababu umebadilisha makopo ukaweka mabomba ya chuchu asiyoyajua, kurudi kwenye utagaji wake kunachukua muda mrefu kuliko mgomo wenyewe. Ukibadilisha vinyweo kwa kuku wa mayai, acha vya zamani ndani mpaka uwaone karibu wote wakinywa kwenye vipya. Bila hilo usijaribu.

Kati ya wa kisasa wenyewe, rangi inasema kitu. Weupe wepesi wa mayai meupe kwa kawaida hushtuka upesi na kuruka kwa pamoja kuliko wa kahawia, na kundi linaloruka pamoja hurundikana pembeni na kukanyagana. Kama banda lako liko karibu na barabara, shule au mashine ya kusaga, chukua wa kahawia. Chotara kama Sasso na Kuroiler wako karibu na wa kienyeji kwa tamaa ya kula. Kuroiler alizalishwa India makusudi kwa ufugaji wa uani, anapokula kinachopatikana.

Utulivu huu unarithiwa. Per Jensen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden, waliwachukua kuku wa mwituni wa Asia, ambao ndio asili ya kuku wetu, wakawachagua kwa kutomwogopa mtu kwa vizazi kumi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa ukoo wa wasiojali ulizoea haraka zaidi jambo la kutisha lisilo na madhara, na ubongo wao ulikuwa mdogo zaidi ukilinganisha na mwili. Kwa mfugaji wa kienyeji maana yake ni kuangalia unamwacha nani awe mbegu. Watu humchagua jogoo kwa ukubwa na rangi ya manyoya. Mimi naongeza kumtazama akikutana na ndoo mpya.

Kanga: mwoga wa vitu, mwepesi wa chakula

Kanga anavuruga hesabu za watu kwa sababu anapata alama mbaya kabisa upande mmoja na nzuri upande wa pili. Kwa hofu hakuna wa kumshinda kati ya hawa wote. Badilisha mlango wa banda, anika shuka jeupe karibu na njia yake, egesha pikipiki mahali pasipo pake, kundi zima litapiga kelele mtaa mzima usikie, na jioni linaweza kugoma kuingia bandani na kulala mtini. Banda lenye giza haliingii kwa hiari. Weka dirisha au taa ndogo ikusaidie saa ya kuwaingiza. Akiwa kwenye mayai kichakani ukamgusa kiota, mara nyingi hakirudii tena.

Lakini ukishavuka ukuta huo wa hofu, ukaidi hanao mwingi. Kanga ni mtafutaji: wadudu, mbegu za magugu, majani, kupe, mtama. Chakula kipya kilichomwagwa chini, mahali palepale anapokula kila siku, hukichunguza na kukila. Kikiwa ndani ya chombo kipya, hapo sasa atakufa njaa kwa heshima zake. Kwa hiyo kwa kanga badilisha kimoja kwa wakati mmoja, chakula au chombo.

Waswahili walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwa kanga mgeni kamba hiyo ni banda lililofungwa. Mfungie wiki nne hadi sita kabla ya kumwachia, mwite kwa mlio uleule na umpe mtama mkononi au chini kila jioni. Ukimfungulia wiki ya kwanza umemnunulia jirani. Na kama unaweza kuchagua, tafuta kanga walioatamiwa na kuku. Mayai ya kanga hukaa siku 26 hadi 28, wiki moja zaidi ya ya kuku, na kuku mvumilivu huyamaliza. Makinda hao humfuata mama yao wa kambo bandani jioni na kujifunza kwake nini ni cha kukimbia na nini ni ndoo tu.

Kuhusu sheria: kanga ni ndege wa mwituni wa nchi zetu, kwa hiyo ulizia kibali kwa wahusika wa wanyamapori kabla ya kununua, si baada.

Bata mzinga: kinda asiyejua chakula ni nini

Ukikutana na bata mzinga mkubwa utadhani hana hofu. Anakufuata, anadonoa vifungo vya shati, anachungulia ndani ya ndoo. Tatizo lake liko mwanzoni kabisa. Makinda wa bata mzinga huchelewa kutambua chakula, wengine wanakufa wamezungukwa nacho kiini cha yai kikishaisha. Hapa swali la kuogopa au kukataa halijafika hata kidogo. Kwa kinda huyu kila kitu ni kipya na hakuna kinachomwita.

Wafugaji wana njia mbili za zamani. Moja ni kuweka kitu kinachong'aa juu ya chakula, kama gololi za rangi ambazo hawezi kuzimeza, ili mwanga umvute adonoe na mdomo uangukie kwenye unga. Nyingine ni kuwachanganya na vifaranga wawili watatu wa kuku wawe walimu. Hii ya pili inafanya kazi vizuri na ndiyo ninayoiogopa. Kuku hubeba minyoo ya utumbo ambayo mayai yake husafirisha vijidudu vya histomonasi. Kuku mwenyewe huumwa kidogo au haoneshi chochote, bata mzinga ini linaharibika na anakufa, na udongo huendelea kuambukiza kwa miaka. Ukiamua kutumia walimu, wawe vifaranga wa siku moja waliototoleshwa kwa mashine, kwenye sakafu safi ambayo kuku wakubwa hawajawahi kuikanyaga, na uwatoe mara darasa likishaelewa. Mimi huona afadhali gololi, na kuchovya midomo yao kwenye maji na kwenye chakula mmoja mmoja siku ya kwanza. Kazi hiyo inachosha, na mwenye shughuli nyingi ajue hilo kabla hajalipa, kwa sababu kinda wa bata mzinga bei yake ni mara kadhaa ya kifaranga cha kuku na chakula chake cha mwanzo kinahitaji protini nyingi zaidi.

Akivuka wiki tatu, mambo yanageuka. Anakuwa mlaji mzuri wa majani na hupokea mabadiliko ya mlo vizuri kuliko kuku wa mayai.

Bata: asiyekataa kitu, na hatari yake

Bata wetu wengi wa uani, wale wenye ngozi nyekundu usoni ambao asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini, ni watulivu. Chombo kipya wanakipitia, wanaweka mdomo ndani, wanaendelea. Bata weupe aina ya Pekin wanashtuka kwa pamoja zaidi na kukimbia kama jeshi moja, lakini kwa chakula nao hawana ubishi. Mabaki ya ugali, konokono, azola, maganda ya ndizi yaliyopikwa, pumba iliyolowekwa: vyote vinapita. Kama hofu yako ni kubadilikabadilika kwa chakula, bata anashinda wote niliowataja, na sharti lake ni moja tu, maji ya kutosha kuzamisha mdomo karibu na chakula, maana unga mkavu humkaba.

Sasa upande wa pili. Ndege asiyekataa anameza na visivyofaa. Misumari, vipande vya waya na chochote kinachong'aa kilichoachwa na fundi vinaishia kwenye firigisi. Lakini msumari unaweza kuuokota. Kinachoua zaidi ni sumukuvu, sumu ya ukungu wa chakula, hasa ile iitwayo aflatoksini. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao hapo mwanzo haukujulikana hata jina, na chanzo kikaja kupatikana kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, yaliyokuwa na ukungu. Ndipo aflatoksini ikajulikana kwa wanasayansi. Na katika ndege wa kufugwa, bata, hasa vifaranga wake, ndio wanaodhurika kwa kiasi kidogo kabisa cha sumu hiyo. Kwa hiyo anayeweza kula chakula chochote ndiye asiyeweza kusamehe chakula kibovu. Mahindi yaliyooza ambayo mama yangu mkubwa angesema "wape bata" ndiyo yasiyopaswa kuwafikia bata.

Njiwa: haogopi, hakubali

Njiwa ni kanga aliyegeuzwa. Mjini anatua katikati ya miguu ya watu, bodaboda zinapiga honi, yeye anaokota. Kipeleke chombo kipya bandani, jioni keshakalia ukingo wake. Ila mlo wake ameurithi kwa wazazi na hauachi. Kinda wa njiwa hulishwa kwanza kwa maziwa ya gole, mfuko wa chakula ulio shingoni, yanayotoka kwa baba na mama wote wawili, kisha nafaka zilizolainishwa goleni, kisha hujifunza kuokota kwa kuwatazama. Kama wazazi walikuwa watu wa mtama na choroko, naye ni wa mtama na choroko. Ukimletea peleti za kuku zenye kila kirutubisho, atazipekua, atatupa nje, atatafuta mbegu ya chini kabisa. Kuna njiwa wanaoshinda njaa mbele ya chombo kilichojaa.

Kubadilisha mlo wa njiwa mkubwa ni kazi ya wiki, nafaka mpya ikiwa kiganja kimoja ndani ya kibaba cha ile ya zamani. Njia nyepesi ni kuwabadilisha wazazi kabla hawajataga, watoto watoke tayari wanaijua. Kuhusu maji, kumbuka njiwa hufyonza bila kuinua kichwa, tofauti na kuku. Kinyweo chenye kina kifupi hata kikiwa kizuri namna gani hakimfai, na hilo halitatuliwi kwa kumzoesha.

Kware nawapitia haraka. Wanakula vizuri chakula cha unga wa protini, lakini wakishtuka hurukia juu wima na kugonga kichwa. Dari liwe chini sana, kiasi cha sentimita 25, au liwe laini. Hata kwao ulizia kibali kwanza.

Basi uchague yupi

Chakula chako ni cha kubahatisha, leo pumba kesho mabaki ya hoteli, na una maji: bata, kwa sharti la kutowapa chochote chenye ukungu. Huna maji ya kutosha: kuku wa kienyeji au chotara aliyelelewa na mama. Hapo sioni mjadala.

Chakula chako ni cha uhakika lakini mazingira yanabadilika, ujenzi unaendelea, watoto wa shule wanapita, unahamahama nyumba za kupanga: usiguse kanga. Njiwa watafaa kuliko wengi kwa kelele na vitu vipya, ila njiwa aliyezoea banda la zamani hurudi huko ukihama, kwa hiyo kwa mpangaji naye ana kasoro yake. Kuku wa mayai wa kahawia wanastahimili mradi chombo na maji havibadiliki siku moja.

Una shamba tulivu pembezoni, nyoka na kupe ni wengi, unataka mlinzi: kanga, na woga wake huohuo ndio kazi unayomlipa. Anayempigia kelele kila mgeni atampigia kelele na mwizi.

Una muda wa kukaa na makinda wiki mbili za mwanzo kama mlezi: bata mzinga atakulipa sikukuu zikifika. Huna muda huo, nunua walioshavuka wiki sita na ukubali bei.

Kuku wa mayai wa kisasa, kwa kipimo hiki, namweka mwisho kwa mfugaji mdogo asiye na uhakika wa chakula. Najua watu watabisha kwa hesabu ya mayai kwa mwaka. Hesabu hiyo ni ya kuku anayekula chakula kilekile kila siku. Ukiweza kumhakikishia hilo, mchukue.

Jaribio la kufanya kwa muuzaji

Kabla ya kulipa, omba ruhusa ufanye mambo mawili. Kwanza weka chakula chao wenyewe ndani ya chombo chako, chenye rangi ambayo hawana, kisha sogea mbali na uangalie saa. Hapo unapima hofu. Halafu mimina kidogo chakula unachotarajia kuwalisha nyumbani ndani ya chombo chao. Hapo unapima ukaidi. Usifanye yote kwa pamoja, maana wakikataa hutajua wamekataa kipi. Usitazame wa kwanza kufika tu, kila kundi lina mmoja asiye na adabu. Hesabu wangapi bado wamesimama pembeni baada ya robo saa. Muuzaji akikwambia wamechoka na joto, rudi jioni.

Ukinunua, nunua na chakula chao cha siku kumi. Anza na robo ya kipya kwa robo tatu za zamani siku tatu za kwanza, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu, na uongeze hatua inayofuata pale tu chombo kinapobaki kitupu jioni. Chombo chao cha zamani, hata kama ni dumu lililokatwa, liombe. Wauzaji wengi hukupa bure. Kwa njiwa na kwa kuku wa mayai zidisha muda huo mara mbili. Kwa bata, siku tatu zinatosha, na chakula cha zamani kitakachobaki mrudishie mwenyewe au uwape kuku.